Sura ya Sita: Kompyuta Iliyopoteza Kitufe

Kitufe cha kuwashia kompyuta ya mezani ni kipande cha plastiki chenye springi ndogo nyuma yake, na kwa kuwa hutengenezwa kwa gharama hafifu ilhali husukumwa kila siku na vidole vya watu wenye haraka, aghalabu huharibika muda mrefu kabla ya ubao mama, kumbukumbu na diski. Huzama ndani kisirudi, au hukatika ulimi wake, au nyaya zake mbili huchomoka mahali zilipotiwa risasi. Na mashine nzima, ambayo haina ugonjwa mwingine wowote, hukaa kimya juu ya meza mwenyewe akidhani imekufa.

Katika mji mkubwa jambo hili humalizika kabla ya adhuhuri, maana duka la vipuri liko mtaa wa pili. Huku kusini mwa jimbo la Maniema, nchini Kongo, mambo ni mengine. Mwenye kompyuta aliyeko Nyangwe, katika ukingo wa mashariki wa mto Lualaba, au Kasongo penye vyuo vya elimu ya juu na wanafunzi wanaotaka kuchapisha kazi zao za kumaliza masomo, au Kabambare katika njia ya kuelekea ziwa Tanganyika, hawezi kumtuma mtoto dukani akalete kitufe. Kipuri hutoka Kindu au Bukavu, hupakiwa juu ya pikipiki, hupita barabara ambazo mvua huziharibu, na kifikapo nauli yake imekwisha pita thamani yake mara nyingi. Hapo ndipo mtu hushawishika kuchukua bisibisi au kipande cha waya, akafungua kasha, akaanza kugusisha hiki na kile kwa matumaini.

Kwake yeye nimeiandika sura hii. Kuwasha kompyuta bila ya kitufe ni jambo la salama kabisa kwa mwenye kujua umeme mkali uko wapi na umeme mpole uko wapi. Na kwa asiyejua ni jambo la hatari, hata siku ile anapofaulu, kwa sababu kufaulu kwake humpa ujasiri wa kurudia asilolifahamu.

Hila ya dharura na mwisho wake

Nyangwe ina historia ndefu ya kuishi kwa vitu vitokavyo mbali. Tangu ulipokuwa kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katika miaka ya 1860, mji huu ulipokea nguo, shanga na bunduki zilizoletwa na misafara iliyotoka pwani kwa njia ya Tabora na Ujiji, na kila kilichovunjika hapa kilingoja msafara mwingine. Mwishoni mwa Machi 1871 aliwasili msafiri Mskoti David Livingstone, akiwa amekwisha ishiwa na karatasi na wino. Akatumia kurasa za gazeti kuukuu la The Standard, akawa anaandika shajara yake juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa kutokana na mmea wa nchi hii. Kwa wino huo aliandika habari za tarehe 15 Julai ya mwaka ule, siku ambayo watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki katika soko la Nyangwe wakaua mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza mazao yao.

Hila ile ilimfaa katika haja yake, wala hakuna awezaye kumlaumu. Lakini wino wa mmea ulififia mpaka maneno mengi yakawa hayasomeki, na ushuhuda ule mzito, kwa mkono wa aliyeuandika siku zile zile, haukuonekana tena kwa ukamilifu mpaka mwaka 2011, wataalamu walipokwisha kuzipiga picha kurasa zile kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuutenga wino wa Livingstone na wino wa gazeti. Mwenye dharura ana ruhusa ya kutumia alicho nacho. Ila sharti ajue tangu mwanzo kwamba dawa yake ina mwisho, na aandae ile iliyo bora kabla mwisho huo haujamfikia. Hali ya aliyepoteza kitufe ni hiyo hiyo: kuna njia ya kuwasha leo, na kuna njia ya kuwasha kila siku, na ya kwanza haitoshi kuwa ya pili.

Umeme ulivyopangwa ndani ya mashine

Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa mpango wa kuunda ubao na pawa saplai, yaani kifaa kinachoilisha mashine umeme, uitwao ATX, na kompyuta za mezani tuzionazo leo, nyingi zikiwa zimekwisha tumika Ulaya kabla ya kufika kwetu, karibu zote zinaufuata mpango huo au zimetokana nao. Chini ya mpango huu, waya ukichomekwa ukutani na swichi ya nyuma ikiwa imefunguliwa, pawa saplai hutoa mara moja volti 5 za kungojea, zipitazo katika waya wa zambarau, nazo hulisha sehemu ndogo ya ubao mama isiyolala kamwe. Kompyuta inayoonekana imezimwa, basi, kwa hakika iko macho.

Kitufe hakiungi umeme wa nyumba wala hakiukati. Kazi yake ni kukutanisha kwa kitambo pini mbili za ubao, moja yenye volti zisizozidi 5 na nyingine iliyo sifuri, na mkondo upitao hapo ni mdogo hata kidole hakiwezi kuuhisi. Ni mithili ya mgeni apigaye hodi: si yeye afunguaye mlango, bali mwenyeji aliyemo ndani ndiye asikiaye, akainuka, akaondoa komeo. Ubao ukiisha kusikia, huushusha waya wa kijani wa pawa saplai mpaka sifuri. Pawa saplai, ipatapo amri hiyo, huanza kutoa volti 12, volti 5 na volti 3.3, kisha, ikiisha kujipima kwa muda usiopita nusu sekunde, hurudisha ishara kwamba umeme umetulia, na hapo ndipo prosesa huanza kazi yake.

Katika maelezo haya mna faida mbili. Ya kwanza, madhali kitufe ni mgusano wa kitambo wa pini mbili tu, chochote chenye kuleta mgusano wa namna hiyo hukaimu mahali pake bila ya kuidhuru mashine. Ya pili, mgusano huo lazima uwe mfupi, kwa maana ukidumu kwa sekunde nne hivi, ubao hufahamu kuwa umeamriwa kuzima kwa nguvu, nao huzima.

Hadhari moja inapasa kutajwa hapa. Kompyuta kongwe za mtindo wa AT, zilizotangulia ATX, nyingi zilikuwa na swichi ya mbele iliyopitisha umeme wenyewe wa ukutani, kwa waya mnene wenye nyuzi nne uliotoka moja kwa moja ndani ya pawa saplai. Ukifungua kasha ukakuta waya wa namna hiyo unakwenda kwenye swichi, simama. Hizo ni volti 220, na hayo yote nitakayosema hapa chini hayaihusu mashine hiyo.

Palipo na hatari

Umeme wa kuua uko mahali pawili: katika waya utokao ukutani, na ndani ya sanduku la chuma la pawa saplai. Ndani ya sanduku hilo volti 220 hugeuzwa kuwa umeme wa mkondo mmoja wa volti 310 hivi, ukawekwa katika makapasita ambayo yaweza kuushika hata baada ya waya kuchomolewa. Kwa ajili ya kitufe hapana haja yoyote, narudia, hapana haja yoyote ya kulifungua sanduku hilo. Na mtu akikuambia kuwa dawa ya kitufe kibovu imo humo, mshukuru kwa nia yake na usimfuate.

Hatari ya pili ni ile wanayoizoea watu wengi hata wakaacha kuihesabu kuwa hatari. Katika nyumba isiyo na waya wa ardhi, na nyumba kama hizo kwetu ni nyingi, mtu akigusa kasha la chuma la kompyuta iliyochomekwa, huhisi mkono unasisimka. Sababu yake ni kwamba pawa saplai ina kichujio cha kusafisha umeme, na kichujio hicho, kikikosa njia ya kwenda ardhini, huliacha kasha likielea katika nusu ya umeme wa nyumba, yaani volti 110 hivi, ingawa kwa mkondo mdogo sana. Mkondo huo peke yake si wa kuua. Ubaya wake ni kwamba umeme ukivuja kweli kweli ndani ya sanduku, dalili ya kwanza yaweza kuwa msisimko ule ule, na aliyeuzoea hatashtuka. Mwenye duka la kuchapa aliye na kompyuta mbili tatu na jenereta, ni wajibu wake kumwita fundi wa umeme amfukie fimbo ya shaba ardhini na kuiunganisha na soketi zake kabla ya kununua printa nyingine.

Hatari ya tatu haimhusu mtu bali ubao, nayo ni umeme tuli unaokusanyika mwilini, hasa wakati wa kiangazi. Mtu huuondoa kwa kugusa chuma kitupu cha kasha, waya ukiwa umekwisha chomolewa, na kukigusa tena kila anapoinuka na kurudi.

Njia iliyo bora

Karibu kila kasha lina kitufe cha pili, kidogo, kilichowekwa kwa ajili ya kuianzisha mashine upya, na ambacho watu hawakigusi mwaka mzima. Kwa umbo lake la ndani kitufe hicho ni ndugu wa kile kilichokufa. Tofauti yao ni pini walizopangiwa. Kwa hiyo dawa bora, isiyogharimu hata faranga moja, ni kuuhamisha waya wa kitufe kidogo uende kwenye pini za kuwashia.

Kazi hiyo hufanywa mashine ikiwa haina umeme. Chomoa waya ukutani kwanza, wala usitegemee swichi peke yake, kisha ngojea. Mbao nyingi zina taa ndogo inayoonyesha kuwa volti za kungojea zingalipo, nayo huendelea kuwaka kwa kitambo baada ya waya kutoka. Kijana humwuliza fundi, "Yaya, niguse sasa?" naye fundi mwenye adabu ya kazi humjibu, "Bado, mdogo wangu. Ile taa ya ubao ingali inawaka." Ikiisha kuzimika, hapo anza.

Mulika pembe ya chini ya ubao, upande uelekeao mbele ya kasha. Utaona pini zimesimama kwa safu mbili, nyembamba kama sindano, moja mbali na mwenzake kwa milimita mbili na nusu. Safu moja ina pini tano na ya pili nne, kwa kuwa pembeni pana pengo. Katika mbao nyingi, katika ile safu ya pini nne, mbili za mwanzo ni za taa, na mbili zilizo jirani na pengo ndizo za kuwashia, zikiandikwa PWR au PW. Mkabala wake, katika safu ya pini tano, ziko zile za kuanzisha upya, zikiandikwa RST. Lakini usishike kawaida ukaacha kusoma. Safu za USB, ambazo zina volti 5 zenye nguvu, ziko karibu na zina umbo lile lile la pini tisa, ila pengo lao liko katika pembe nyingine. Na kompyuta za maofisini za Dell, HP na Lenovo mara nyingi hupangwa nyaya kwa utaratibu wao wenyewe, kwa plagi moja isiyotengana. Soma herufi zilizochapwa juu ya ubao, piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote, na usipoziona herufi, tafuta kitabu cha ubao huo kwa namba yake.

Ukiisha kuwa na yakini, vuta plagi ndogo ya RST kwa kushika plastiki yake, usivute waya, uichomeke juu ya pini za PWR. Taa zina upande wa chanya na upande wa hasi, lakini kitufe hakina, na kwa hiyo huwezi kukosea kwa kuigeuza. Rudisha kifuniko, chomeka umeme, bonyeza kitufe kidogo, na mashine itaitika.

Yamkini vitufe vyote viwili vimekufa. Hapo kitafaa kitufe chochote chenye kurudi chenyewe kikiachwa, na kilicho rahisi kupatikana ni kile cha kengele ya mlango: kifungwe kwenye nyaya mbili za kitufe cha zamani, viungo vyake vifunikwe kwa utepe wa umeme, kikabandikwe ubavuni mwa kasha. Swichi ya taa ya ukutani haifai, kwa sababu mgusano wake hudumu, na baada ya sekunde nne mashine itazimika.

Kuwasha kwa kufunguliwa umeme

Njia ya pili haihitaji kitufe hata kidogo. Katika mipangilio ya BIOS, yaani programu ya msingi iliyomo katika ubao, katika sehemu inayohusu umeme, mna swali la nini mashine ifanye umeme ukikatika kisha ukarudi: ibaki imezimwa, iwake, au irudie hali iliyokuwamo. Ukichagua iwake, basi kila ufunguapo swichi ya ekstensheni kompyuta itawaka yenyewe. Ili kuifikia mipangilio hiyo ni lazima mashine iwashwe mara moja kwa njia nyingine, na baada ya hapo kazi imekwisha.

Kwetu sisi, tunaotumia jenereta na mitambo ya jua, njia hii inataka uangalifu wa namna mbili. Jenereta inapoanza kunguruma, umeme wake hupanda na kushuka kabla haujatulia, na kompyuta iliyoamriwa kuwaka umeme unapofika itaamka katikati ya msukosuko huo. Kwa hiyo swichi ya ekstensheni ifungwe kila jioni. Asubuhi jenereta iwashwe, iachwe itulie, ndipo ekstensheni ifunguliwe. Na mtu asidhani kwamba swichi iliyowasha ndiyo ya kuzima: kuzima ni kwa amri ya kwenye skrini, mpaka mashine inyamaze, kisha ndipo umeme ukatwe, la sivyo diski itaharibika na kazi ya watu kupotea.

Uangalifu wa pili unahusu betri. Mipangilio ya BIOS na saa ya mashine hutunzwa na betri ndogo ya duara, CR2032, yenye volti 3. Mashine iliyochomekwa katika mji wenye umeme wa mchana na usiku huitegemea betri hiyo kwa nadra, kwa sababu zile volti 5 za kungojea humsaidia mlinzi huyo wa saa. Mashine ya Nyangwe, inayopata umeme kwa saa chache, huila betri muda wote uliobaki, na kwa hiyo betri huisha mapema. Siku itakapoisha, amri yako ya kuwaka itasahauliwa, na mashine itakaa kimya ingawa umeme upo. Ukiona saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka mingi, badili betri kabla hujaanza kulaumu kitu kingine.

Mbao nyingine hukubali kuwashwa kwa kibodi, au kwa saa iliyotegwa, au kwa ujumbe unaotoka kompyuta nyingine kwa waya wa mtandao. Zote hizo ni njia njema, walakini hutegemea volti za kungojea. Jenereta ikiwa imelala, hakuna wa kuupokea ujumbe wala wa kuiangalia saa.

Bisibisi, na waya wa kijani

Iko njia ijulikanayo kuliko zote, ya kugusisha pini mbili za PWR kwa ncha ya bisibisi. Si haramu, na mafundi huitumia kila siku wanapopima ubao ulio nje ya kasha. Ila hii ndiyo njia pekee katika hizi inayotaka mkono uingie ndani umeme ukiwapo, na kwa sababu hiyo naiweka mwisho. Volti za hapo hazimdhuru mtu. Bisibisi ikiteleza ndiyo hudhuru, maana yaweza kuangukia pini za jirani au mapanga ya feni. Anayelazimika avue pete na saa, atumie bisibisi yenye ncha nyembamba na mpini wa plastiki, mwingine ammulikie, na aguse kwa muda usiofika sekunde moja. Ikishawaka, aitumie nafasi hiyo kuingia katika BIOS na kuweka ile amri ya kuwaka umeme ufikapo, asihitaji kurudi ndani tena. Kufanya desturi ya kila asubuhi kwa bisibisi ni kutafuta siku ya kuteleza.

Kuhusu kuunga waya wa kijani wa pawa saplai na waya mweusi, hiyo ni namna ya kupima pawa saplai iliyokwisha tengwa na ubao, basi. Kuitumia ili kuwasha kompyuta ni kumpita ubao ambaye ndiye mwenye kuamuru, na kumnyima uwezo wa kuzima anapoona joto limezidi au umeme umechafuka.

Ukiisha kuchagua njia, iandike. Chukua karatasi, taja waya uliouhamisha, pini ulizouhamishia, tarehe uliyofanya, na mpangilio wa BIOS uliobadili, uibandike upande wa ndani wa kifuniko. Kompyuta hupita mikono mingi: leo iko kwa karani wa Nyangwe, mwakani imeuzwa Kasongo, na atakayeifungua baada yako hatajua kwa nini kitufe cha kuanzisha upya ndicho kinachowasha, atadhani ni kosa, na katika kulisahihisha ataharibu. Katika nchi ambayo kipuri kimoja husubiriwa kwa majuma, maarifa yaliyoandikwa ndani ya mashine ni sehemu ya mashine, na fundi anayeyaacha humo amewatengenezea hata watu asiowajua.